Sifuri Tano za Shule ya Kuhama

Kufikia mwaka 2012 hakukuwa na kitu chini ya jua hili la Turkana ambacho kingeweza kunishangaza. Nilikuwa nimepigwa risasi mlango wa gari na bado nikaendesha hadi mjini, mkono mmoja usukani, mwingine umeshika mlango usianguke. Nilikuwa nimeona laga, hii mito yetu ya mchanga mkavu, ikijaa maji bila tone la mvua kudondoka nilipo, ikabeba lori la mtu mwenye digrii huku langu limekaa ng'ambo salama, kwa sababu yeye alitazama ramani na mimi nilisikiliza. Canter yangu ya kwanza niliinunua bila kumpigia mtu magoti. Habari za baba na mama na mahali nilipozaliwa ninaziruka. Anayezitaka akawaulize ndugu zangu, wao wana muda. Shule niliiacha darasa la tatu, nayo haikunifuata. Mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini? Basi nilishangazwa na sifuri.

Nisingeandika haya kama si mazishi ya Mwalimu Ekai, mwezi uliopita, hapa Lodwar. Tulikuwa tumeshatoka kaburini, tumekaa chini ya hema la kukodi, sahani za wali na nyama ya mbuzi mapajani, soda zimechemka kwa joto. Mbele yangu waliketi wanafunzi wake wa zamani, watu wazima sasa. Mmoja anaitwa Ewoi, yuko ofisi za kaunti, na alikuwa amefunga tai siku ambayo hata kuku walikuwa wamefungua midomo. Akawa anawasimulia wageni wa Nairobi: "Ule muhula wa kiangazi, 2013, tulikuwa tumevuka Kaaleng na mifugo, mbali kabisa. Tulijua shule imekufa. Lakini wafadhili hawakututupa. Waliona kosa lao ofisini wakatuma chakula mpaka malishoni. Wazungu wana roho." Wageni wakatikisa vichwa, mmoja akasema Mungu awabariki. Mimi nilikuwa nyuma yake na ubavu wa mbuzi mdomoni. Niliutoa, nikauweka kwenye sahani. Miaka yote hii nimenyamaza, na watu wanaonijua wanajua kunyamaza si kazi yangu. Lakini Wazungu? Hapana. Hiyo nilikataa.

Wakati ule nilikuwa na tenda ya shirika moja lililokuwa likilisha shule. Ghala lilikuwa Lodwar. Nilipakia mahindi, maharagwe na mafuta, nikapeleka shule za kaskazini hadi Kaaleng na za kando ya ziwa hadi Kataboi, na kurudi nilibeba fomu za mahudhurio kutoka kwa walimu, maana magari ya ofisi yalikuwa yanaogopa barabara zangu. Shule moja kati ya hizo haikuwa na mahali. Ilikuwa shule ya kuhama, ya Mwalimu Ekai, watoto arobaini na sita wa adakar moja, yaani zile familia zinazosogea pamoja na mifugo yao. Majani yakiisha, adakar inasogea. Adakar ikisogea, Ekai anafunga ubao kwenye mgongo wa punda, chaki anaweka mfukoni, na shule inatembea. Kuipata ilibidi niulize madukani Kaaleng. "Shule iko wapi?" "Jana ilipita hapa, punda mbele." Madereva wengine waliikataa. Mimi niliichukua kwa sababu waliikataa.

Mwisho wa 2012 tukaitwa ofisini, wasafirishaji wote. Bwana wa takwimu, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, akatuambia kuanzia muhula ujao kila msafirishaji ataleta namba za shule zake ndani ya kompyuta, kwenye eksel, zimechambuliwa: wastani, asilimia, na mchoro. Shule itakayokuwa na mahudhurio chini ya asilimia sitini inatoka kwenye chakula. Wenzangu wakaanza palepale kuulizana bei za makarani. Mohamud, Msomali mwenye malori mawili na duka la jumla, mtu niliyeshindana naye hadi kwa sauti ya honi, akanigeukia mbele ya wote. "Erupe, wewe kalamu unashika kama fimbo ya ngamia. Wallahi, ajiri mtu. Hii si gia." Watu wakacheka. Nikamwambia, "Gari naendesha mwenyewe, tairi natoa mwenyewe, na hii pia nitaifanya mwenyewe. Wewe lete karani wako tuone nani atafika kwanza." Nilipotoka nje nilikuwa sijui hata eksel inawashwa wapi. Sikumwambia mtu hilo. Nilijaza dizeli nikaenda Kakuma.

Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, kulikuwa na darasa la kompyuta la mama mmoja Mkongo, Madam Furaha, aliyetoka Uvira. Chumba kilikuwa mabati juu na mabati pande zote, na kompyuta nane za zamani zilipangwa juu ya milango iliyolazwa kuwa meza. Mlango mmoja ulikuwa bado na komeo. Umeme ulitoka kwa jenereta ya hoteli ya jirani, na mwenye hoteli akiona chai imekwisha anazima bila kuaga. Kwa hiyo jambo la kwanza nililofundishwa halikuwa hesabu. Jenereta ikianza kukohoa, Furaha anapiga kelele, "Ikikohoa, hifadhi!" na darasa zima linagonga vitufe kama watu wanaua nzi. Wanafunzi walikuwa vijana wa Sudan Kusini, warefu, magoti yamegonga meza, na msichana mmoja Msomali aliyekuwa akinipita kila kitu bila hata kunitazama. Mimi nilikuwa karibu miaka arobaini. Kijana anayeitwa Deng akaniona nimeikaba mausi kwa nguvu. "Mzee, hiyo si klachi. Usiikanyage." Darasa likaangua kicheko. Furaha akapiga meza. "Munyamaze! Papa amekuja na miguu yake mwenyewe. Weye Deng ulisukumwa na mama yako." Kisha akaniambia taratibu, "Papa, kaa hapa mbele. Kidole kimoja kinatosha. Hata kimoja kinafika."

Nilifika. Nasema wazi kwamba nilifika kuliko wote, na Deng akisoma hapa anajua ni kweli. Mistari na safu nilivielewa siku ya kwanza, kwa sababu ni kupakia lori: kila gunia lina nafasi yake, ukikosea safu moja mzigo wote unalala upande. Nilichokataa ni wastani. Saa sita tulikuwa tukila mandazi na chai ya maziwa ya ngamia kutoka hoteli ileile, na Furaha alitumia mandazi kutufundisha. Akampa Deng saba, mimi akanipa moja. "Mandazi nane, watu wawili. Wastani ni ine kila mutu." Nikaangalia sahani yangu. "Kwa hiyo mimi nimeshiba manne kwa karatasi." Akacheka hadi akashika ukuta wa mabati na kuuachia haraka kwa moto. "Juu ya ile, Papa, wastani hatembeye peke yake. Tunaangalia na namna namba zinatawanyika. Mwenye anakupa wastani tu, anakuficha njaa ya mutu." Nimekaa kwenye mikutano mingi tangu siku ile, yenye maji ya chupa na watu wa vyeo, na sijasikia takwimu ikielezwa vizuri zaidi ya hapo. Deng alikula yote saba.

Na siku niliyochora mchoro wa kwanza! Niliweka wiki chini, watoto waliohudhuria juu, shule moja ya karibu na Kataboi, nikabonyeza alivyoniambia. Mstari ukatokea, ukashuka, ukashuka, halafu ukaruka juu kama mbuzi aliyeona maji, ukashuka tena, ukaruka. Nikatazama wiki zile za kuruka. Nilizijua. Zilikuwa wiki za lori langu. "Madam," nikasema, "huyu hapa juu ni mimi." Akaja akainama. "Ni weye namna gani?" "Hii wiki nilipeleka mahindi. Hii pia. Mimi nikifika, wanajaa." Akautazama tena mstari, akasema, "Eh, Papa. Kweli ni weye." Niliwaita darasa zima waje wanione. Mtu mwingine amejiona kwenye picha ya harusi. Mimi nilijiona kwenye mchoro wa mahudhurio, na ningeweza ningeutundika sebuleni.

Sasa sikiliza jambo la sifuri, na usinihukumu kabla hujaendesha lori. Mtu wa mizigo haachi nafasi tupu kwenye karatasi. Karatasi ya mzigo yenye mstari mtupu ni karatasi ya kuibiwa: umeshasaini, umeondoka, mtu wa ghala anaandika hapo "magunia manne" na wewe ndiye utakayelipa. Kwa hiyo mahali pasipo na kitu unaandika sifuri, nene, ijaze nafasi. Nilifundishwa hivyo na wenye malori walionilea barabarani, na imeniokoa mara nyingi. Basi fomu ya Mwalimu Ekai ilipofika mkononi mwangu, muhula wa wiki kumi na tatu, nikakuta wiki nane zina namba nzuri, watoto arobaini hivi kila wiki, na wiki tano hazina kitu. Hakuandika sifuri, hakuandika neno. Nilikasirika hata. Nikasema huyu mwalimu hajui kwamba wezi wapo. Nikamfungia mlango: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Nikabonyeza wastani, kazi ikaisha. Furaha siku hiyo alikuwa msibani kwa jirani. Na hata angekuwepo nisingemuuliza, maana sikuona kitu cha kuuliza.

Nilipeleka kazi yangu Lodwar mwenyewe. Makarani wa wenzangu walikuwa wameleta namba zilizojaa mashimo. Bwana wa takwimu akaifungua yangu, akashusha macho, akapandisha. "Mzee Erupe, hii ndiyo data safi. Hakuna pengo hata moja." Alisema hivyo mbele ya Mohamud. Nilitoka ofisini nikala kuku mzima. Nikiwa bado nanawa mikono, orodha ya muhula wa kiangazi ikabandikwa ukutani mwa ofisi, na shule ya kuhama haikuwemo. Nilidhani wamesahau ukurasa.

Wiki iliyofuata Ekai akaja Lodwar. Alinikuta gereji, chini ya gari, nafunga breki, na niliziona ndala zake za tairi kabla ya kumwona yeye.

"Ejok, Erupe."

"Ejok nooi. Umefuata nini mjini?"

"Nimefuata chakula changu."

Alichuchumaa ili tuonane chini ya gari. Alikuwa mtu mkavu, mpole, wa kuongea kama anayelipia maneno. Akasema adakar imevuka laga ya pili, maziwa yamepungua, na wazazi wamemwambia bila chakula shuleni watawachukua watoto wakachunge mbali na wakubwa. "Wakitawanyika sasa, siwakusanyi tena. Si muhula huu, si mwakani. Ofisi wanasema watoto wangu hawakuja. Hawakuja wapi? Walikuwa na mimi."

"Zile wiki tano hukuandika kitu," nikamwambia, na nilimwambia kwa ukali.

"Tulikuwa njiani. Ubao ulikuwa juu ya punda. Niite majina ya nani, na wote wako mbele yangu wanatembea? Mbuzi akiwa njiani kwenda majini, wewe unamhesabu amepotea?"

Nilimwambia arudi, nitalishughulikia. Sikumaliza kufunga ile breki. Niliimalizia njiani kwenda Kakuma. Kwa Furaha nilifungua faili langu lile safi. Alilisoma kwa kidole mpaka kwenye zile wiki. "Papa, hapa mwalimu aliandika nini?" "Hakuandika kitu." "Na weye?" "Sifuri." Akavuta kiti. "Niko nakuambia, sikiya. Sifuri, ni mwalimu ameita majina na hakuna mutoto ameitika. Wazi, ni hakuna mwenye aliita. Ile haiko kitu kimoja. Kompyuta ukimuachia wazi, anaruka. Ukimupa sifuri, anahesabu." Akanishika mkono, akauweka kwenye kitufe cha kufuta. "Futa moja moja, uone." Nilifuta ya kwanza, asilimia ikapanda. Ya pili, ikapanda. Ilipoondoka ya tano, hamsini na tatu ilikuwa imekuwa themanini na saba. Shule ya punda ilikuwa imezishinda shule zenye kengele na uzio. Jenereta ikakohoa. "Hifadhi!" akapiga kelele, na nikahifadhi.

Kwamba nilishangaa, ndiyo. Kwamba nilifedheheka, sivyo. Nasema hata leo: mahali pengine popote duniani ile sifuri ilikuwa sahihi. Nilibeba sheria ya barabara nikaiingiza mahali ambapo haiendi, kama mtu aliyeingia msikitini na viatu vyake vizuri. Viatu si vibaya. Lakini watoto arobaini na sita hawali viatu, kwa hiyo nikarudi Lodwar siku hiyohiyo, na bwana wa takwimu alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Aliielewa hesabu kabla sijamaliza. Tatizo halikuwa kuelewa. "Nitairekebisha kuanzia muhula ujao, mzee. Chakula cha sasa kimeshagawiwa, hakuna gunia la ziada. Na sahihi ni yako."

"Muhula ujao shule haitakuwepo."

"Nasikitika. Nifanye nini?"

"Wewe rekebisha ya kwako," nikamwambia. "Ya kwangu nitairekebisha mwenyewe."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mohamud, mtu wa mwisho niliyetaka kumwomba bei. Alikuwa dukani, juu ya mkeka, anakula anjera na nyama, akanisogezea sahani kabla ya salamu. Nikamwambia ninachotaka: mahindi, maharagwe na mafuta ya shule moja. "Shule gani inanunua?" "Ninanunua mimi." "Kwani una watoto wangapi?" "Arobaini na sita." Aliacha kutafuna. Nilijua ikifika sokoni kwamba Erupe aliangusha shule kwa mkono wake, nitaisikia mpaka nikizikwa, kwa hiyo sikusema zaidi. Alinitazama sana, akamega kipande kingine cha anjera. "Wewe umekosea mahali," akasema. "Sitauliza. Lakini leo sikupandishii bei, ndio ujue ninajua." Nilimchukia kwa hilo, na nikapakia.

Niliwapata mbele ya Kaaleng, ng'ambo ya laga ya pili, kama Ekai alivyosema. Ubao ulikuwa umeegemezwa mgunga, punda amelala kivulini mwa ubao, na baadhi ya watoto walikuwa tayari wamefungiwa vibuyu vya safari. Waliposikia Canter, mstari wa mchoro wangu ukaruka mbele ya macho yangu, ukiwa na miguu na vumbi. Kina mama waliweka sufuria juu ya mawe, mahindi na maharagwe pamoja, mafuta kidogo, chumvi. Githeri ile iliiva polepole na hakuna aliyeondoka. Mama mmoja akawafungua watoto wake vile vibuyu, kimoja kimoja, akavitundika kwenye mti, nami nikala nao kwa kifuniko cha sufuria. Ekai akaja akasimama kando yangu.

"Ofisi wamekubali?"

"Ofisi wameona kosa lao."

"Basi washukuru kwa niaba yangu."

"Nitawaambia."

Nilirudi tena katikati ya muhula na mzigo wa pili, na muhula uliofuata shule ilirudi kwenye orodha yenyewe, asilimia zake zimesimama. Furaha alipata safari ya kwenda ng'ambo na watoto wake; sijui kama huko wanamwita Madam. Ekai alifundisha hadi miguu ilipomkatalia, na kila tulipokutana aliniuliza hali ya watu wa ofisini. Nilimwambia wazima.

Kwa hiyo pale chini ya hema, niliposikia Wazungu wakishukuriwa, nilikuwa na njia mbili tu. Nikiutaka ule mzigo uwe wangu, lazima na zile sifuri ziwe zangu. Nikasimama. "Ewoi, chakula kile kilikuwa changu. Na kosa pia lilikuwa langu, siyo la ofisi." Nikaeleza yote, wiki tano, karatasi ya mzigo, kitufe cha kufuta, mbele ya mjane na mchungaji na sahani. Wengine wakacheka, "Erupe ameanza." Mohamud, ndevu zimekuwa nyeupe, alikuwa meza ya pili, hakucheka, alikunywa soda yake tu. Ewoi akalegeza ile tai.

"Mzee, kwa heshima. Watu wengi hujipa mambo kwenye mazishi. Kama ni wewe kweli, mzigo wote ule, na dizeli, ulikugharimu pesa ngapi?"

Alifikiri nitatafuta maneno. Hakujua kwamba siku ileile niliyorudi kutoka safari ya pili nilikaa kwa Furaha, kwenye kompyuta ya ule mlango wenye komeo, nikaingiza kila gunia, kila mtungi wa mafuta, chumvi na dizeli, bila kuacha wala kuongeza kitu, nikajumlisha, nikahifadhi.

"Shilingi elfu sabini na nne," nikamwambia, "mia tatu na hamsini."